Songwe mpaka Dar ni kilomita ngapi, na angani unakaa muda gani? Piga hesabu mwenyewe

Ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na wengine wote habari za saa hizi.

Mi nakatia watu tiketi hapa Kabwe, Mbeya mjini, za basi na za ndege, na swali ninaloulizwa kuliko yote sio bei, bei watu wanakuja wameshaijua kwa shemeji zao. Swali ni "hivi kutoka hapa mpaka kule ni kilomita ngapi, na ndege inatumia masaa mangapi?" Alafu ukimjibu anatoa simu, anakuonyesha mtandaoni pameandikwa namba nyingine, na sehemu ya pili namba ya tatu, anakuangalia kama we ndo muongo. Kumbe mara nyingi wote mko sahihi, kila mtu anapima kitu chake. Sasa nimeamua niandike hiyo hesabu inavyopigwa, kwa kalkuleta ya simu tu, mfano mkubwa nitatumia Songwe, kiwanja chetu cha ndege cha Mbeya, kwenda Dar maana ndo safari ya wengi wetu, ila njia ni ileile hata ukienda Mwanza au Dubai.

Kwanza ujue unapima nini

Kuna umbali wa barabara, kuna umbali wa kunyooka hewani, na kuna njia ambayo ndege yenyewe imepita siku hiyo. Vitu vitatu hivi havilingani. Mbeya Dar kwa lami ni kama kilomita 830, inategemea umeanzia wapi na umeishia wapi, maana barabara inazunguka bana, inaenda Makambako, inapita Iringa, inashuka Kitonga na zile kona zake, Mikumi, Morogoro, Chalinze, ndo inaingia Dar. Ndege haina Kitonga. Inakata juu kwa juu, kwa hiyo Songwe mpaka kiwanja cha Julius Nyerere ni kama kilomita 690 tu, tofauti ya kilomita 140 nzima ambazo basi linazila kwenye kona.

Ya tatu ndo watu wanaisahau. Ndege nayo haikati mstari kama rula, inaondoka ikiukabili upepo, inageuka, inafuata njia iliyopangiwa, kule mwisho inaambiwa subiri kidogo kuna mwenzako anatua, inazunguka ndo inapanga mstari na kiwanja. Kwa hiyo kilomita zilizopitwa kweli huwa zinazidi kidogo zile za kwenye hesabu. Hiyo usihangaike nayo, tutaifidia kwenye dakika huko chini.

Tafuta kiwanja, usitafute mji

Hapa ndo wengi wanapoharibu. Mtu anaandika "Mbeya" anapewa katikati ya jiji, anaandika "London" anapewa katikati ya London wakati ile ina viwanja kibao. Tumia herufi tatu za kiwanja, zile zilizoko kwenye tiketi: Songwe ni MBI, Dar ni DAR, Mwanza MWZ, Dodoma DOD, Kilimanjaro JRO, Iringa pale Nduli ni IRI, Songea SGX. Ukikutana na herufi nne usishtuke, hizo ni za marubani na waongoza ndege, za kwetu zote zinaanza na HT, mfano HTDA ni Dar na HTGW ni Songwe.

Songwe ina mitego miwili na yote nimeshaona watu wanaingia. Wa kwanza ni jina. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kiwanja kilishakuwepo tangu mwisho wa 2012, na kipo Mbeya, ukishapita Mbalizi. Hakipo Vwawa, makao makuu ya huo mkoa! Nilishapigiwa simu na kijana mgeni ametoka Dar kwa basi kuja kumpokea bosi wake, ameshukia Vwawa kabisa, anauliza geti la kuingilia airport liko wapi. Ikabidi arudi na Kosta.

Mtego wa pili ni kiwanja cha zamani, kile cha mjini kilichozungukwa na nyumba. Songwe ilipofunguliwa zile herufi za MBI zikahamia huko, ila kuna ramani na vikokotoo (sio kile cha mafao jamani, tulieni) ambavyo pini yake bado imechomekwa mjini. Tofauti ya pale mjini na Songwe ni kama kilomita 20 kuelekea magharibi, kwa hiyo ukiona mahali pameandikwa Mbeya Dar 670 na pengine 690 we angalia tu pini imekaa wapi. Ya 690 ndo ya kiwanja unachoendea leo.

Sasa hesabu

Kila kiwanja kina namba mbili, latitudo na longitudo, hizi za jografia ya sekondari. Unazipata Google Maps, bonyeza kiwanja kidole kikae mpaka pini idondoke, namba mbili zinatokea. Na kama huna mpango wa kupiga hesabu kabisa, hapohapo kuna sehemu ya kupima umbali, unavuta mpaka kiwanja cha pili, imeisha, ruka aya hii. Ila mi napenda ujue inavyotoka, siku intaneti imekata utanishukuru.

Songwe iko nyuzi 8.92 kusini na 33.27 mashariki. Dar iko 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Toa kusini kwa kusini: 8.92 kutoa 6.88 ni 2.04. Nyuzi moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kama kilomita 111 popote duniani, kwa hiyo 2.04 mara 111 unapata 226. Njoo mashariki: 39.20 kutoa 33.27 ni 5.93. Hapa zidisha kwa 110 badala ya 111, nitasema kwa nini, unapata 652. Sasa una pembe mraba, upande mmoja 226 mwingine 652, na unachotafuta ni ule upande mrefu wa mshazari, yaani Pythagoras wa kidato cha pili aliyekuchapisha viboko. 226 mara yenyewe ni 51,076, 652 mara yenyewe ni 425,104, jumlisha unapata 476,180, tafuta kipeo cha pili: 690. Ndo hiyo.

Kwa nini 110? Kwa sababu mistari ya longitudo inakaribiana kadri unavyoenda kwenye ncha za dunia, kama mapande ya chungwa yanavyokutana juu. Kwenye ikweta nyuzi moja ni 111, huku kwetu karibu na latitudo ya 8 ni 110, ukifika London ni kama 69 tu. Kwa Tanzania nzima 110 inakutosha. Ukitoka nje ya nchi zidisha 111 kwa kosaini ya latitudo ya katikati ya safari yako, kalkuleta ya simu ukiilaza inaonyesha kitufe cha cos. Angalizo, kama kiwanja kimoja kiko kusini ya ikweta na kingine kaskazini, zile latitudo hutoi, unajumlisha. Watu wanapotea sana hapo.

Hii njia ni ya kuchukulia dunia kama meza, na kwa safari za humu ndani inakubali bila shida. Kwa safari ndefu sana, za kuvuka bara, meza inadanganya. Chukua chungwa, sio parachichi la Rungwe maana lile limechongoka, chora doti mbili mbalimbali alafu vuta uzi ukaze katikati yake, uzi utapita njia ambayo ukiihamishia kwenye ramani ya ukutani inaonekana imepinda kama upinde. Ndo maana ndege ya Tokyo kwenda New York inapita juu huko karibu na Alaska wakati ramani inakwambia ingekata Pasifiki. Vikokotoo vya mtandaoni vinatumia hesabu hiyo ya chungwa, dunia ikiwa na nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Ukifika huko waachie wao.

Alafu angalia kipimo. Kikokotoo kinaweza kukupa 690, kingine 429, kingine 373, na zote ni Songwe Dar ileile: kilomita, maili za barabarani, na maili za majini ambazo ndo za marubani. Maili ya majini ni kilomita 1.852, ya barabarani ni kama 1.609. Ukiona spidi imeandikwa noti (knots), hiyo ni maili za majini kwa saa.

Kwa kujaribu mkono, Iringa Dar inakuja kama 390, Songwe Dodoma kama 410, Songwe Kilimanjaro kama 740, Songwe Mwanza kama 720. Zipige uone kama zinatoka.

Kutoka kilomita kwenda dakika

Hapa lazima ujue unapanda chuma gani. Watu wanasema "ndege" kama vile zote ni moja, wakati tofauti yake ni kama ya Kosta na Noah. Jeti kama Airbus A220 ikishatulia juu inakimbia kilomita mia nane na kitu kwa saa. Pangaboi kubwa, yaani ndege ya mapanga, ile Q400 ambayo wabongo tunaiita Bombardier, inafika 660 hivi. ATR nayo ni pangaboi ila inakimbia kama 500. Na kale kadogo ka injini moja, Caravan, ambako kanapendwa na watalii wa Ruaha, ni kama 340 kakijitahidi.

Ila usigawanye kilomita kwa spidi hiyo ukadhani umemaliza, maana ndege haikimbii hivyo tangu inaamka. Inatembea kwanza chini kwa magurudumu, inakimbia, inapanda, kule mwisho inashuka taratibu. Kanuni ninayotumia mi ni hii: gawanya kilomita kwa spidi iliyopunguzwa kidogo, alafu ongeza nusu saa kwa jeti, na dakika 25 kwa pangaboi kwa sababu hazipandi juu sana. Hiyo nusu saa ndo inabeba kupanda, kushuka, na zile kona nilizosema mwanzoni.

Songwe Dar kwa jeti: 690 gawa kwa 800 ni 0.86. Stop hapo! Hiyo 0.86 sio dakika 86. Ni sehemu ya saa, zidisha kwa 60 unapata dakika 52. Ongeza 30, dakika 82, yaani saa moja na dakika 22. Hili kosa la pointi nimeliona mpaka kwa watu wenye digrii zao, mtu anasoma saa 1.5 anakwambia saa moja na dakika tano, mwingine saa moja na dakika hamsini. Ni saa moja na nusu mkuu.

Kwa Q400: 690 gawa kwa 620, zidisha 60, ni dakika 67, ongeza 25, saa moja na nusu na ushee. Kwa ATR: 690 gawa kwa 490 ni dakika 84 au 85, ongeza 25, unakaribia saa moja na dakika 50. Kwa hiyo mtu akikwambia yeye alitumia saa moja na robo na wewe ulitumia karibu mawili, hakuna mwongo, mlipanda vyombo tofauti. Aina ya ndege inaandikwa kwenye tiketi au kwenye ukurasa wa kununulia, isome, japo siku ya siku wanaweza kubadilisha wakakuletea nyingine.

Basi nalo tulipe haki yake. 830 gawa kwa 80, spidi inayoruhusiwa mabasi, ni masaa kumi na kitu. Nani ameshafika Dar kwa masaa kumi kutoka stendi ya Nane Nane? Mizani, matochi, chakula, Mikumi huruhusiwi kukimbia, foleni ya kuingia Dar, ndo masaa 12 mpaka 14. Hesabu safi na safari yenyewe ni ndugu wa mbali, na ndege iko hivyohivyo.

Upepo kwa huku kwetu hausumbui sana, unakula au kukuongezea dakika chache tu, labda kusi limeshika. Wanaoumia na upepo ni wa huko juu ya dunia, London kwenda New York ni kama masaa manane, kurudi kama saba, umbali uleule, kisa ule upepo wa juu unaosukuma kuelekea mashariki.

Kama hutaki kanuni yangu kuna njia ya uhakika zaidi: ingia Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, andika herufi na namba ya ndege ilivyo kwenye tiketi, Air Tanzania zinaanza na TC na Precision ni PW, utaona safari zake za siku zilizopita, iliruka saa ngapi na ikatua saa ngapi. Angalia siku tano sita, chukua ya katikati. Ila ujue muda wa kwenye tiketi ni wa kutoka kwenye maegesho mpaka maegesho, na huo wa angani ni mfupi zaidi, kwa hiyo vikipishana dakika 15 au 20 sio kosa.

Saa ya tiketi na saa ya Mswahili

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapouma watu mifuko.

Tiketi inaandikwa saa za masaa 24, zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Kwa hiyo ukiona 07:00 ni saa moja asubuhi, toa sita. 13:25 ni saa saba na dakika 25 mchana, 16:45 ni saa kumi na moja kasorobo jioni. Kuanzia 19:00 kwenda mbele toa 18, yaani 22:15 ni saa nne na robo usiku. Na zile za 00 mpaka 06 ongeza sita, 03:00 ni saa tisa usiku. Waethiopia nao wanahesabu kama sisi, kwa hiyo ukiunganisha Addis Ababa ukamuuliza muuza kahawa saa ngapi msishangaane, ila tiketi yao ni ya masaa 24 kama za wote.

Sasa balaa liko kwenye 00:30. Mzee mmoja alikuja kwangu analia kabisa, tiketi ya mwanae alikata kwingine, imeandikwa tarehe 12, 00:30, kutoka Dar. Wakapanga vizuri, tarehe 12 asubuhi binti akapanda ndege Songwe, mchana akawa Dar kwa mama yake mdogo, akala akapumzika, saa tatu usiku yuko kiwanjani na mabegi. Anaambiwa dada ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo. Kwa sababu 00:30 ya tarehe 12 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani ulitakiwa uwe kiwanjani tarehe 11 usiku. Hela ilienda. Kwa hiyo ukiona tiketi inaanza na 00, 01 au 02 andika kwa kalamu pembeni "usiku wa kuamkia", na mpigie simu anayekupeleka umwambie tarehe ya jana yake.

Alafu kuna tofauti za saa za nchi. Saa ya kwenye tiketi siku zote ni ya pale mahali, ya kuondoka ni ya kule unakoondoka na ya kufika ni ya kule unakofika. Wa Tunduma hili hawafundishwi, wao wakivuka mguu mmoja Nakonde saa inarudi nyuma saa moja. Malawi hivyohivyo, na Johannesburg. Nairobi, Addis na Doha wako sawa na sisi, Dubai wametutangulia saa moja, India masaa mawili na nusu, China matano. Ukitaka muda wa angani, geuza zote mbili ziwe saa za Tanzania ndo utoe.

Tuseme tiketi yako inatoka Dar 16:45 na inafika Dubai 23:15. Ukitoa hivihivi unapata masaa sita na nusu. Ila 23:15 ya Dubai huku ni 22:15, kwa hiyo safari ni masaa matano na nusu. Wakati wa kurudi unatoka Dubai 10:30 unafika Dar 15:00, kwenye karatasi inaonekana manne na nusu, mtu anasema eeh, kurudi ni mteremko. Hakuna mteremko, 10:30 ya Dubai ni 09:30 ya huku, masaa matano na nusu yaleyale. Unaweza kujihakiki kwa umbali: Dar Dubai ni kama kilomita 3,970, gawa kwa 850 unapata masaa manne na dakika 40, ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka na dakika kadhaa za kutembea chini, unaangukia hapohapo. Hesabu ya saa na hesabu ya kilomita zikipishana zaidi ya saa moja, jua umekosea saa za nchi au ndege ina kituo katikati.

Kuunganisha

Songwe Mwanza kwa kunyooka ni kama 720, karibu sawa na kwenda Dar. Ila kama tiketi yako inapitia Dar, unaenda 690 mashariki alafu kama 850 kurudi kaskazini magharibi, jumla 1,540, zaidi ya mara mbili, na bado hujahesabu masaa ya kukaa Dar unakula chapati ya bei ya kuku. Kwa hiyo kikokotoo kikikwambia "Mbeya Mwanza saa moja na dakika 24" usimpigie mtu simu aje kukupokea, kile kinakupa hesabu ya ndege ambayo labda siku hiyo haipo. Kila kipande kipige peke yake, alafu weka muda wa kusubiri katikati.

Kwa anayeunganisha kwenda nje, pale Dar safari nyingi za ndani zinashukia jengo la pili na za kimataifa ziko jengo la tatu, lile jipya la 2019, na sio mlango wa jirani wa kutembea na mabegi mawili na ndoo ya viazi. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, zimekatwa mbalimbali, hakuna atakayekusubiri. Hapo mi namwambia mteja aweke masaa manne angalau, na kama ni msimu wa mvua aende jana yake akalale.

Kwa nini jana yake? Ukungu. Nimepanda mwenyewe kutoka Dar asubuhi, tumekuja vizuri, baada ya saa moja na kidogo tuko juu ya Songwe, chini hamna kitu, pamba tupu. Tukazunguka, tukazunguka, jirani yangu ameshamaliza rozari, rubani akatangaza tunarudi Dar. Jumla karibu masaa matatu angani na nikashukia ngazi zilezile nilizopandia. Kwa hesabu ya mstari ulionyooka siku ile nilisafiri kilomita sifuri. Na rubani mi simlaumu hata kidogo, kiwanja kiko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, pembeni una Mlima Mbeya unaozidi mita 2,800, hapo nani anataka kubahatisha. Ndege za mchana zina nafuu, ukungu unakuwa umeshapanda, ukiweza kuchagua chagua hizo.

Muda wa ardhini usiuache

Kutoka katikati ya jiji mpaka Songwe ni kilomita ishirini na kitu, na kwa macho ni dakika 35. Usiamini. Barabara ni ileile ya malori ya Zambia na Kongo, lori moja likikata breki mteremko wa Iwambi mnalala. Wa Mwanjelwa jipe saa moja na robo, wa Uyole saa moja na nusu, wa Tukuyu masaa matatu na uanze safari kabla hujafikiria chai. Wa Vwawa na Tunduma nyie mnatokea upande wa pili, hampiti mjini, ila foleni ya malori mnaijua wenyewe. Kiwanjani uwe umefika masaa mawili kabla kwa safari ya ndani, matatu kwa ya nje, na usome kwenye tiketi kaunta inafungwa lini, maana ikifungwa imefungwa.

Sasa jumlisha zote: saa moja na robo ya barabarani, mawili ya kiwanjani, moja na nusu ya angani, nusu saa ya kusubiri begi, na saa nzima ya kutoka kiwanjani mpaka Mbezi kama foleni imekubali. Masaa sita na robo, kwa safari ambayo simu ilikwambia ni saa moja na dakika 22. Bado ni nusu ya basi, ila ukipanga kikao Dar saa nne asubuhi na ndege yako inatua saa tatu na nusu, mpigie mwenyekiti mapema.

Na lile koti la Juni uliloamkia nalo mwachie aliyekusindikiza, Dar unashuka nalo unapelekea wapi.